Muhuri wa kadi haugongwi

Swali: "Nimejipa kazi ya kutengeneza kadi 40 za shukrani kwa mkono. Nina muhuri mkubwa wa ua, wa mpira uliobandikwa kwenye kibao, seti ya mihuri ya maneno ile inayopitisha mwanga kama plastiki laini, pedi ya wino mweusi na pedi ya wino wa dhahabu. Ua linatoka na madoa pembeni huku katikati pakibaki peupe. Maneno yanakwenda mshazari. Ile dhahabu niliigusa siku ya pili, bado inachafua vidole. Nimeshaharibu kadi sita na sasa naogopa kugusa zilizobaki. Nakosea wapi?"

Ndugu yangu, kadi zilizobaki ziweke pembeni, leo usiziguse kabisa. Chukua karatasi yoyote ya kawaida uweke mbele yako, maana kabla ya kurekebisha chochote kuna neno moja nataka ulisahau kwa muda. Kwa Kiswahili tunasema kugonga muhuri, na neno hilo limetoka ofisini: karani anagonga pedi, anagonga barua, kazi imekwisha. Muhuri wa ofisi umetengenezwa kwa ajili ya kipigo hicho. Herufi zake ni nene, na hakuna anayejali ukingo ukiacha kivuli. Ua lako lina mistari myembamba kama unywele na nafasi tupu katikati ya petali. Muhuri wa namna hiyo haugongwi. Hupakwa wino, hulazwa, hukandamizwa, kisha huinuliwa. Madoa yako ya pembeni na weupe wa katikati vyote vimo ndani ya vitendo hivyo vinne.

Tuanze na kupaka, kwa sababu ndiko watu wengi huharibu bila kujua. Bila shaka unashika kibao na kukishindilia kwenye pedi. Pedi ni laini. Muhuri ukizama humo, wino hauishii kwenye mistari iliyoinuka, unashuka mpaka kwenye mabonde na kwenye kingo za mpira. Ukifika kwenye karatasi, huo wa kingoni ndio unaoacha madoa. Sasa geuza mambo: muhuri ukae mezani uso ukitazama juu, na pedi ndiyo ishuke. Gusagusa kwa wepesi, mara kumi au kumi na tano, ukihamahama kila upande. Usiburuze pedi. Ukimaliza, inamisha muhuri kuelekea mwanga wa dirisha uutazame. Mistari inatakiwa ing'ae kwa unyevu ulio sawa na mabonde yabaki na rangi yake ya mpira. Ukiona kona imetuamisha wino, zungushia kidole karatasi laini uipanguse. Kutazama huku kunachukua muda mfupi sana, na mimi siinui muhuri wowote bila kufanya hivyo, hata kama ni kadi ya mia.

Kulaza ni kushusha muhuri wima, mara moja, bila kuusogeza ukishagusa karatasi. Kisha ndipo kukandamiza, na hapa ndipo ulipo weupe wako wa katikati. Meza ni ngumu, kibao ni kigumu, na baina yao kuna karatasi nyembamba. Ikiwa mpira umebonyea hata kidogo katikati, au meza si sawa, kingo zinagusa na katikati panaelea. Wengi wakiona hivyo huubembeza muhuri huku na huku ili ufike kila mahali, na kubembeza ndiko kunakolaza kingo zenye wino juu ya karatasi. Dawa yake ni godoro. Weka chini ya kadi karatasi kumi za kawaida zilizopangwa vizuri, au kile kitambaa cha mpira kinachowekwa chini ya mausi ya kompyuta. Simama, usikae, ili uzito utoke begani. Bonyeza katikati ya kibao kwa kiganja, halafu pita kwenye kila kona kwa vidole bila kuinua upande wowote. Mkono wa pili ushike karatasi, na muhuri uinuke wima kama ulivyoshuka.

Fanya hivyo mara tano kwenye karatasi ya majaribio, na andika kando ya kila ua ulichofanya: wino mwingi, wino kidogo, godoro, bila godoro. Karatasi hiyo usiitupe mpaka kazi yote iishe.

Mihuri yako ya maneno inataka kinyume cha haya. Ile inayopitisha mwanga kwa kawaida ni ya fotopolima, yaani plastiki laini iliyogandishwa kwa mwanga, na huwekwa juu ya kipande cha akriliki, plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo, ambacho inakishika yenyewe bila gundi. Yenyewe ni laini tayari, kwa hiyo godoro linaiharibu: herufi hupanuka, na matundu ya "a" na "o" huziba. Iweke juu ya meza tupu ngumu, na nguvu ya vidole viwili inatosha. Kama ni mipya, huenda bado ina utando wa kiwandani unaokataa wino. Utauona: wino unajikusanya kuwa vitone juu ya herufi badala ya kutandaa. Ioshe kwa maji na sabuni kidogo, ikauke, kisha isugue polepole kwa ufutio mweupe. Usitumie msasa mkali, kwani mikwaruzo yake itaonekana kwenye kila neno.

Tofauti hii ya tabia imetokana na kilichomo ndani. Mpira mbichi huwa mlaini na wa kunata kwenye joto, na hukakamaa kwenye baridi. Mwaka 1839 Charles Goodyear, huko Marekani, aligundua kwamba mpira uliochanganywa na salfa ukapashwa moto sana hutulia: unanepa na kurudi katika umbo lake. Bila hilo, mstari mwembamba wa ua lako usingedumu. Miaka minne baadaye, 1843, Henry Cole alichapisha London kadi ya Krismasi inayohesabiwa kuwa ya kwanza kuuzwa, ikiwa imechorwa na John Callcott Horsley. Mihuri ya mpira yenyewe ilienea baadaye kidogo, na kwa muda mrefu ilikuwa mali ya ofisi kabla haijafika kwenye kadi. Mpira uliopikwa namna hiyo huvumilia joto na wino wenye kemikali kali. Fotopolima haivumilii sana. Usiiweke karibu na kitu cha moto.

Sasa dhahabu. Hukuniambia karatasi yako ni ya aina gani, lakini dhahabu isiyokauka siku ya pili imenieleza: ni ile ngumu yenye kung'aa. Wino wa mihuri, kwa kazi yetu, ugawe mara mbili. Upo wino wa kupenya, ambao ni rangi iliyoyeyuka kwenye maji. Unaingia kwenye nyuzi za karatasi na kukauka haraka. Na upo wino wa kukaa juu, ambao ni mzito, wenye chembechembe za rangi, na ambao hukauka polepole. Dhahabu, fedha na nyeupe karibu zote ni za aina hii ya pili. Kwenye karatasi isiyong'aa, karatasi huunyonya umajimaji wake na chembe zinabaki zimeshikwa. Kwenye karatasi inayong'aa umajimaji hauna pa kwenda. Unaweza kusubiri wiki nzima, dhahabu ikabaki mbichi. Mimi mwenyewe niliwahi kufunga kadi za namna hiyo kwenye bahasha nikidhani zimekauka. Waliozipokea walikuta dhahabu imehamia kwenye karatasi ya bahasha. Sijalisahau jambo hilo, na ndiyo maana nakuambia mapema.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kubadilisha karatasi, na hiyo naipendekeza kwa kadi zote 40. Tafuta karatasi ngumu, nyororo, isiyong'aa, ya gramu 250 hadi 300 kwa mita ya mraba. Karatasi ya kawaida ya printa ni gramu 80, kwa hiyo utaisikia tofauti mkononi. Nyororo nina maana isiwe na vinyweleo, kwa sababu kwenye karatasi yenye nyuzi zilizolegea wino mweusi wa kupenya hutambaa na mstari huota ndevu.

Njia ya pili inafaa kwa dhahabu kwenye karatasi yoyote, na ndiyo inayonipa raha kuliko kazi nyingine zote za kadi. Huo wino unaochelewa kukauka ni kasoro kwako leo, lakini kuna poda maalumu ya mihuri inayouhitaji uwe mbichi hivyohivyo. Bandika muhuri wa ua kwa wino wa dhahabu, na hapohapo linyunyizie poda isiyo na rangi mpaka lifunikwe lote. Inua karatasi, iinamishe, poda ya ziada imwagikie kwenye karatasi nyingine iliyokunjwa katikati, uirudishe chupani, haipotei. Gonga nyuma ya karatasi kwa kucha ili punje zilizojitenga zianguke. Ua litakuwa limefifia, kama limeshukiwa na vumbi. Sasa washa kile kifaa cha kupuliza hewa ya moto cha mafundi wa kadi, kiache kipate moto kikiwa kimeelekezwa pembeni, halafu kilete juu ya ua kwa umbali wa vidole vinne hivi. Kwa sekunde chache hakuna kinachotokea. Kisha ukingo mmoja wa petali unageuka, vumbi linakuwa maji, linang'aa, na mng'ao huo unatembea kufuata mstari mpaka ua zima. Likishageuka mahali, sogea. Ukikawia, poda inazama kwenye karatasi na kuacha alama kama ya mafuta. Likipoa, pitisha kidole: limeinuka, ni gumu, halichafui.

Kikaushio cha nywele hakifai, maana upepo wake ni mwingi na joto lake ni dogo. Kitapeperusha poda kabla haijayeyuka. Kama huna kile kifaa, pasi ya moto iliyogeuzwa uso juu na kuegemezwa vizuri, ukaishika kadi kwa koleo juu yake na mgongo wa karatasi ukielekea chini, huyeyusha poda vizuri. Fanya hivyo pasipo na watoto karibu. Kabla ya kubandika, pitisha pia poda kavu ya mwili kidogo sana juu ya karatasi, kisha ipanguse. Vidole huacha mafuta, na poda ya dhahabu au isiyo na rangi hunasa kwenye kila alama ya kidole.

Haya yote yatakusaidia, lakini ningekuwa na nafasi ya kukupa shauri moja tu, lingekuwa hili: usibandike muhuri moja kwa moja kwenye kadi. Bandika kwenye kipande kidogo cha karatasi, kisha gundisha kipande hicho kwenye kadi. Kadi sita ulizoharibu zingekuwa vipande sita tu, na woga unaousema usingekupata. Anayejua kwamba kosa litamgharimu kipande cha ukubwa wa kiganja, mkono wake hutulia, na mkono uliotulia haukosei sana.

Hesabu yake ni hii. Karatasi ya A4 ni milimita 210 kwa 297. Ikate nusu kwenye ule upande mrefu, upate mbili za 210 kwa 148 na ushei, na kila moja ikunje katikati kwenye 105. Hiyo ni kadi ya A6, inayoingia bila kubanwa kwenye bahasha ya C6 yenye milimita 114 kwa 162. Kwa kadi 40 unahitaji karatasi 20. Kipande cha kubandikia muhuri kiwe 95 kwa 138, ili kikikaa juu ya kadi kiache ukingo wa milimita 5 kila upande. A4 moja inatoa vinne. Karatasi 10 zinatosha, lakini kata 13: utakuwa na vipande 12 vya kukosea, na nakuhakikishia hutavimaliza.

Usiikate A4 kwa urefu kupata kadi nyembamba na kuikunja kwenye upana wake, hata kama unapenda umbo hilo, mpaka ujue nyuzi za karatasi zimelalia wapi. Karatasi ina nyuzi kama ubao. Ikunjwe kwa kuzifuata, mkunjo unatoka laini; ikunjwe kwa kuzikata, inapasuka juu na kuonyesha vinyweleo. Ipinde kidogo bila kuivunja, kwanza upande huu kisha ule: upande unaokubali kwa urahisi ndio mkunjo wake. A4 nyingi nyuzi zake zimelala kwa urefu, na kipimo nilichokupa kinazifuata. Kabla ya kukunja tia mfuo: weka rula, pitisha kalamu ya biki iliyokwisha wino mara mbili kwa nguvu. Nyuma ya mfuo pataota tuta dogo. Kunja ili tuta hilo libaki ndani ya kadi. Ni kinyume na watu wengi wanavyodhani, ila jaribu kipande kimoja kila namna uone upi umekaa.

Maneno yaliyopinda yana dawa rahisi mno kwa mihuri yako inayopitisha mwanga. Chora mstari mwembamba wa penseli kwenye kipande, au bora zaidi weka chini ya akriliki karatasi yenye miraba, panga neno lako kwa kufuata mstari wake, ndipo ulipake wino. Ukishusha, usitazame neno, tazama ukingo wa akriliki ukiwa sambamba na ukingo wa kipande. Jicho hupima vizuri kingo mbili zilizokaribiana kuliko herufi zinazoelea. Na maneno yatangulie ua. Ni rahisi kuliweka ua mahali pazuri pembeni ya maneno yaliyonyooka kuliko kuyabana maneno kwenye nafasi iliyobaki.

Kwa kuwa una ua moja tu, nikuonyeshe namna ya kulifanya shada. Bandika ua kwenye karatasi nyembamba, hasa ile yenye gundi hafifu ukingoni inayotumika kuandikia vikumbusho, hakikisha gundi iko nyuma ya ua, kisha likate kwa mkasi ukifuata mstari wa nje, au ndani yake kwa unywele mmoja. Hicho ni kifuniko. Bandika ua la kwanza kwenye kipande, lifunike kwa kifuniko hicho, kisha bandika la pili likilipanda kidogo. Ukiondoa kifuniko, la pili limejificha nyuma ya la kwanza. Ua linalobandikwa mwanzo ndilo la mbele, daima. La tatu libandike bila kuongeza wino: baada ya kubandika la pili, bandika muhuri mara moja kwenye karatasi ya majaribio, ndipo uulete kwenye kadi. Litatoka limepauka, na macho yataliona liko mbali. Kwa wino mmoja mweusi unapata kina cha picha ambacho watu watadhani umenunua mihuri mitatu.

Ukitaka kupaka rangi ndani ya petali, rangi za maji zitauchukua wino wa kupenya ulio mwepesi na kulifanya ua zima kijivu. Jaribu wino wako kwanza: bandika, subiri ukauke, pitisha brashi yenye maji matupu. Ukitoka, libandike ua kwa wino wa kukaa juu na uliyeyushie ile poda, au tumia penseli za rangi, ambazo hazigombani na wino wowote.

Gundi ya maji hukunjamanisha kipande. Tumia utepe wenye gundi pande mbili, na kwa kadi chache unazozipenda zaidi tumia ule wenye sponji, kipande kiinuke milimita moja au mbili na kuacha kivuli. Kadi za sponji hunenepa, kwa hiyo zipime kwenye bahasha kabla hujafanya nyingi.

Kazi yenyewe ifanye kwa mafungu: maneno yote 40 kwa mkupuo mmoja, kisha maua, kisha rangi, gundi ya mwisho. Mkono ukishapata kipimo cha nguvu yake haupendi kukatishwa. Kila baada ya vipande vichache futa muhuri kwa kitambaa chenye unyevu, ukaushe. Ule wa kibao usiutumbukize kwenye maji, mbao itavimba na mpira utabanduka. Weusi unaobaki kwenye fotopolima baada ya kuosha ni doa tu, hautahamia kwenye kadi.

Na zile sita ulizoharibu usizitupe. Bila shaka kila moja ina walau petali mbili tatu zilizotoka vizuri, au ua zima lililoharibiwa na doa la pembeni tu. Zikate hizo kwa mkasi mdogo, ukizungusha karatasi badala ya mkasi ili mkato usivunjike kwenye mapindo. Pinda petali kuelekea juu kwa mgongo wa kijiko, weka kipande kidogo cha utepe wa sponji chini ya kitovu cha ua, na lipandishe juu ya ua lilelile kwenye kadi mpya, mstari juu ya mstari. Kwa karatasi yako ile inayong'aa, dhahabu isiyokauka ipanguse kwanza kwa pamba kavu. Weusi uliokwisha kukauka utabaki.